Kipanuzi cha kaakaa ukubwani: namna ya kumudu maumivu bila kuacha kuzungusha

Ujumbe ninaoupata kuliko mwingine wowote ni huu: "Nimezungusha siku nne. Ya tano pua imebana mpaka machozi yakanitoka, nikaogopa, nimeacha. Nifanye nini?" Wanaouandika wana miaka kati ya 18 na 30, wamelipa fedha nyingi, na daktari wao yuko mkoa mwingine au hapokei simu usiku. Mimi nilifungiwa dude hili, chuma cha kaakaani kinachopanua taya ya juu kidogokidogo kila unapozungusha skrubu yake kwa ufunguo, nikiwa na miaka 24, na nusura niache siku hiyohiyo ya tano.

Tunatoka kliniki tukiwa na ufunguo mkononi na maneno mawili tu: "itauma kidogo." Hakuna anayetueleza msukumo wa kawaida ukoje, na maumivu ya hatari yakoje. Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili hiyo. Idadi ya kuzungusha na siku ya kusimama anapanga daktari wako, si mimi.

## Kwa nini mtu mzima anabanwa zaidi

Kaakaa lina mshono katikati, kutoka nyuma ya meno ya mbele kuelekea kooni. Kwa mtoto mshono huo bado ni mlaini na kipanuzi kinausukuma bila ubishi mkubwa. Kwa mtu wa miaka ishirini na kitu, mifupa ya pande mbili imeshikamana zaidi, ingawa watu hawalingani: wapo wa miaka 25 ambao mshono wao bado unafunguka vizuri, na wapo wa miaka 18 ambao umekaza. Ndiyo maana daktari anaweza kutaka picha ya pande tatu ya taya kabla ya kuanza.

Kwa sababu hiyo vijana wengi hufungiwa kipanuzi kilichoshikiliwa na skrubu ndogo, kwa kawaida mbili hadi nne, zinazoingia kwenye mfupa wa kaakaa lenyewe. Wengine hufanyiwa upasuaji kwanza ili mfupa ulegezwe. Kwa vyovyote vile nguvu hujilimbikiza siku za mwanzo kabla mfupa haujakubali kuachia, na siku hizo ndizo wengi wanazoshindwa.

## Andaa hivi kabla ya siku ya kufungiwa

- Ufunguo wa kuzungushia, na wa akiba ukipewa
- Uzi wa kusafishia meno, au uzi wowote imara wenye urefu wa mkono
- Kioo kidogo na tochi ya simu
- Parasetamoli ya miligramu 500
- Bomba la sindano la mililita 10 au 20, jipya, bila sindano
- Mswaki laini na ule mdogo wa kupenyeza katikati ya meno
- Nta ya meno, ile wanayopewa wenye vyuma
- Chumvi
- Daftari na kalamu
- Vyakula laini vya siku tano

Bomba la sindano linapatikana duka lolote la dawa kwa bei ya chini kabisa, na kwenye orodha yote hii ndilo nisingekubali kulikosa. Utaona kazi yake huko mbele.

## Hatua ya 1: Maswali manne kabla hujainuka kitini

Uliza, na majibu uyaandike palepale.

Nizungushe mara ngapi kwa siku, na jumla mara ngapi? Mzungusho mmoja ni kipande tu cha mzunguko wa skrubu ya katikati ya kipanuzi (si zile zinazokishikilia kwenye mfupa), na kwenye vipanuzi vingi hufungua milimita 0.2 au 0.25. Ukiambiwa mara 28 na chako ni cha 0.25, hiyo ni milimita 7. Ukijua hesabu yako hutazidisha kwa bahati mbaya.

Nikikosa siku moja nifanyeje? Wengi hujibiwa: endelea ulipoachia, usifidie. Kuzungusha mara mbili kwa mkupuo ili kulipa deni la jana ni njia ya haraka ya kujitafutia usiku mbaya.

Mwanya wa meno ya mbele utarajiwe lini? Utaelewa umuhimu wake kwenye Hatua ya 5.

Nikikwama nitume picha wapi? Madaktari bingwa wa kupanga meno kwetu ni wachache na wengi wako miji mikubwa. Kama unatoka Songea kwenda Dar es Salaam, kubalianeni mapema kuhusu picha za WhatsApp na saa za kupokea simu.

Kisha zungusha mara moja mwenyewe mbele yake. Ukikosea pale atakusahihisha. Nyumbani utagundua kosa baada ya siku kadhaa, kama mimi.

## Hatua ya 2: Saa 24 za kwanza

Ganzi huisha baada ya saa chache. Meza dawa ya maumivu kabla haijaisha, kwa sababu maumivu yaliyokwisha kupanda huchelewa kushuka.

Usile wala kunywa chai ya moto mdomo ukiwa bado na ganzi. Utajiunguza kaakaa au kuuma mdomo bila kusikia. Baadaye kunywa vitu vya baridi: maji ya friji, maziwa ya mgando, juisi isiyo na ukali wa ndimu.

Utatokwa na mate mengi, maana mdomo unadhani umepewa chakula. Yameze. Hali hiyo hupungua siku chache zijazo.

Umefanikiwa ukiona: asubuhi unasikia uchovu kwenye kaakaa na eneo la skrubu linauma ukiligusa kwa ulimi, lakini umelala.

Kama ulipasuliwa, fuata ratiba ya aliyekupasua. Kwa kawaida utasubiri karibu wiki moja bila kuzungusha, uso utavimba, na utaambiwa usipenge kamasi kwa nguvu. Damu kidogo puani siku za kwanza hutokea. Ikitiririka na isisimame, rudi hospitali.

## Hatua ya 3: Panga dawa kwa saa, usingoje kilio

Parasetamoli inatosha kwa wengi. Mtu mzima mwenye afya, mwenye uzito wa zaidi ya kilo 50, anameza vidonge 2 vya miligramu 500, anasubiri saa 6 ndipo arudie, na hazidishi vidonge 8 kwa saa 24. Mwenye ugonjwa wa ini au anayekunywa pombe sana aulize kwanza. Angalia na dawa za mafua ulizonazo ndani, nyingi zina parasetamoli tayari.

Meza nusu saa hadi saa moja kabla ya kuzungusha, ili wakati msukumo unapopanda dawa iwe imeshafika.

Ibuprofen husaidia zaidi penye uvimbe, lakini imezwe na chakula, na isimezwe na mwenye vidonda vya tumbo, tatizo la figo, pumu inayoamshwa na dawa za aina hiyo, mjamzito, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Wapo madaktari wasioipenda wakati meno yanasogezwa, kwa hiyo muulize wako. Ibuprofen na diklofenaki pamoja, hapana. Ni ndugu wa tumbo moja, na watakaoumia ni tumbo lako na figo zako.

Mambo matatu ninayoyasikia kila mara, yaache:

Kubandika kidonge cha aspirini kwenye ufizi. Kinaunguza nyama na kuacha kidonda cheupe kinachouma kuliko kipanuzi.

Kumwagia unga wa kapsuli ya antibayotiki kwenye kidonda. Msukumo wa mfupa si maambukizi, na unga huo hautibu chochote pale.

Mafuta ya karafuu yasiyochanganywa na kitu. Najua bibi zetu waliyatumia kwa jino na yanatia ganzi kweli, ila kaakaa lililochubuliwa na chuma linaungua nayo vibaya.

## Hatua ya 4: Kuzungusha

Fanya jioni, baada ya kula na kupiga mswaki, saa 2 usiku hivi. Chakula kimeshapita, kwa hiyo hutatafuna juu ya meno yaliyobanwa, na bado una saa mbili tatu za kujiangalia kabla ya kulala. Ukipangiwa mara mbili kwa siku, ya pili iwe asubuhi. Anayefunga Ramadhani azungushe baada ya futari, dawa ikiwa imeshamezwa. Kama ni mara mbili, amuulize daktari kama ya pili inaweza kuwa kabla ya daku.

1. Funga ufunguo kwa uzi, upande wa pili wa uzi ufunge kwenye kiganja. Ufunguo ukiponyoka kuelekea kooni, uzi ndio utakaouvuta. Usiruke jambo hili hata ukishazoea.

2. Lala chali, kichwa kimeinuka kidogo, au keti ukitazama juu. Mtu wa kukusaidia ni bora kuliko kioo, lakini awe mmoja kila siku. Mikono ikibadilika, hesabu hupotea.

3. Mulika tochi, tafuta tundu kwenye skrubu ya katikati. Lazima ulione lote. Ukiliona nusu, mzungusho wa jana haukufika mwisho, na ufunguo hautaingia vizuri.

4. Ingiza ufunguo mpaka ushike. Sukuma taratibu kuelekea kooni mpaka ugote na tundu jipya lionekane mbele.

5. Sasa sehemu inayowaangusha wengi: utoe ufunguo kwa kuushusha chini huku ukiuelekeza nyuma, kamwe usiuvute mbele. Ukiuvuta mbele unarudisha skrubu ulikoitoa.

Hapa nina ushahidi wa aibu. Usiku tatu za mwanzo nilisukuma vizuri, kisha nikauvuta ufunguo mbele kama mtu anayechomoa funguo mlangoni. Nilijisifu kwamba siumwi kabisa, nikampigia dada yangu kumwambia watu wanatia chumvi. Usiku wa nne nilipoutoa inavyotakiwa, pua ilibana papo hapo, nikaelewa siku tatu zote nilikuwa napiga makasia mashua ikiwa imefungwa gatini.

(Vipanuzi vingine huzungushwa kwa kispana kidogo badala ya ufunguo wa waya, na maelekezo yake ni tofauti. Fuata uliyoonyeshwa kitini.)

Umefanikiwa ukiona: tundu jipya limekaa pale lilipokuwa la zamani, na ndani ya dakika moja unasikia kubanwa kwenye kaakaa, magego, mzizi wa pua, chini ya macho, hata karibu na masikio. Machozi mawili matatu ni kawaida. Mifupa ya uso imeungana, ukisukuma mmoja jirani zake wanajua.

Simama kama: ufunguo unagoma kabisa, au kipanuzi chote kinatikisika unaposukuma. Usiongeze nguvu. Piga picha, mpigie daktari.

## Hatua ya 5: Pima maumivu, usiyakisie

Hapa ndipo wengi wangeokolewa. Kila siku jipe alama kutoka 0 hadi 10 mara nne: kabla ya kuzungusha, dakika 10 baada, saa 1 baada, na asubuhi. Huu ni mstari mmoja wa daftari langu:

*Siku ya 5, saa 2 usiku, mzungusho wa 2 (zile tatu sihesabu). Kabla 2, dakika kumi 6, saa moja 3, asubuhi 1. Pua imebana. Mwanya bado.*

Sita inatisha ukiwa ndani yake. Lakini tazama mstari mzima: ilipanda, ikashuka, na asubuhi ikawa chini kuliko nilipoanza. Huo ni msukumo, na mwendo wake ni kupanda mara baada ya kuzungusha, kushuka ndani ya dakika chache hadi saa moja au mbili, na kuacha uchovu tu. Aghalabu siku za kwanza, hadi wiki ya kwanza, ndizo ngumu kuliko zote.

Sasa linganisha na mstari huu niliotumiwa na msomaji, nimeuandika kwa ruhusa yake: kabla 4, dakika kumi 7, saa moja 7, asubuhi 6. Kesho yake akaanza na 6. Nguvu inaingia na haitoki. Nilimwambia asizungushe tena mpaka daktari amwone.

Alama ya pili ni mwanya. Mshono ukianza kuachia, meno mawili ya juu ya mbele huanza kuachana, mara nyingi ndani ya wiki moja au mbili. Wengine husikia mlio mdogo, *tak*, kisha presha inapungua ghafla. Usiogope. Piga picha ya meno ya mbele kila asubuhi, pembe ileile, mwanga uleule, maana mwanya wa nusu milimita hauonekani kwa kumbukumbu. Pwani watakusifia. Mimi niliambiwa na mama muuza vitumbua kwamba "siku hizi umependeza", na sikuwa na moyo wa kumweleza kwamba ni wa muda.

Kama siku aliyokutajia daktari imepita, mwanya hakuna, na maumivu yanaongezeka au magego yanauma ukiuma chakula, huenda mfupa umegoma na nguvu inaishia kwenye meno au skrubu. Kuvumilia hakusaidii hapo, unahitaji kuonwa.

Mpigie daktari siku hiyohiyo ukiona:

- alama ya asubuhi inapanda siku mbili mfululizo
- skrubu imelegea au kipanuzi kimeinama upande mmoja
- nyama ya kaakaa imevimba ikafunika chuma, imekuwa nyeupe au nyeusi, au inatoa harufu mbaya
- usaha au homa
- jino moja linauma peke yake, hasa likiguswa na baridi

Nenda hospitali bila kungoja simu ukiona uvimbe wa uso au shingo unaokua, unashindwa kumeza au kupumua, damu haisimami, umemeza au kupaliwa na ufunguo, unaona vitu viwili viwili, au kichwa kinauma kuliko ulivyowahi kuumwa.

## Hatua ya 6: Kula bila kujitesa

Siku tatu hadi tano za kwanza kula kwa kijiko: uji, mtori, viazi vya kuponda, supu ya samaki iliyotolewa miiba, maharage yaliyopondwa, parachichi, mayai ya kuvuruga, papai.

Tatizo la kwetu ni ugali. Hauumizi meno, lakini hujibandika kati ya chuma na kaakaa kama saruji, na ukikaa usiku kucha nyama huvimba. Ukishindwa kuuacha, uule na mlenda au mchuzi mwingi, tonge dogo, utafune upande wa magego. Chapati ikatwe vipande na kulowekwa.

Miwa, mahindi ya kuchoma, kashata, karanga, bazoka na mifupa ya kuku viache mpaka kipanuzi kitoke. Kimoja kati ya hivyo kinatosha kung'oa skrubu.

## Hatua ya 7: Safisha chini ya chuma

Maumivu mengi ya wiki ya pili na ya tatu hayatoki kwenye mfupa. Yanatoka kwenye chakula kilichooza chini ya kipanuzi.

Hapa ndipo lile bomba linapofanya kazi. Changanya nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu. Vuta kwenye bomba, inamia sinki, elekeza ncha kati ya chuma na kaakaa, sukuma taratibu kutoka pande zote. Rudia mpaka maji yatoke safi. Fanya hivyo kila baada ya kula, kisha mswaki laini kuzunguka vichwa vya skrubu. Damu kidogo siku za mwanzo isikufanye uache kupiga mswaki, kwani uchafu ndio unaoendeleza damu.

Kuhusu ulimi: utapata alama ya chuma juu yake, na pengine kidonda. Kausha chuma kwa kitambaa safi kwanza, halafu bandika nta. Nta haishiki penye mate, na hiyo ndiyo sababu watu wengi hunilalamikia kwamba "nta yangu mbovu".

Matamshi yatakuwa mazito, hasa *s*, *sh* na *th*. Soma gazeti kwa sauti robo saa kila siku. Wengi hurudi katika hali yao ndani ya wiki moja au mbili.

## Hatua ya 8: Kusimama

Siku ya mwisho ya hesabu daktari atapima, na akiridhika atakuambia uache. Usiendelee hata mara moja "ya kuongezea". Kipanuzi kitabaki mdomoni miezi kadhaa, mara nyingi mitatu hadi sita au zaidi kwa watu wazima, ili mfupa mpya ujae kwenye ule mwanya wa ndani. Kikitolewa mapema, taya hurudi kubana kama zamani.

Wakati huo maumivu hayapo tena. Meno ya mbele huanza kukaribiana yenyewe, na unaweza kusikia mvuto mdogo pale katikati. Nyuzi za ufizi zinayavuta, kwa hiyo acha kuyasukuma kwa ulimi. Kinachobaki ni vyuma vya kuyapanga.

Endelea na bomba la maji ya chumvi mpaka siku chuma kinapotoka. Mimi nililegea mwezi wa pili, nikapuuza kipande cha nyama ya mbuzi kilichokwama nyuma ya skrubu ya kushoto, na wiki nzima nikadhani nina jipu. Daktari alikitoa kwa kibano kwa sekunde tatu, akaniuliza harusi ilikuwa ya nani.